Spoki kwenye Wembe wa Mzee Nasoro

Mwanangu Tekla,

Sina haja ya kuuliza hali yako, maana nakusikia hapo uani kwa jirani unasukwa nywele huku unacheka, na kicheko hicho si cha mgonjwa. Mie mzima. Mama yako naye mzima, ila tangu asubuhi anafungua begi lako na kulifunga, anatoa shuka, anarudisha shuka. Habari za shuka, chandarua, dawa ya tumbo na kutokula chipsi kila siku nimemwachia yeye. Ameshakwambia mara nne, na kesho atakwambia ya tano. Wewe itikia tu.

Nimekaa kwenye benchi langu hapa barazani, nyembe za watu nimezisukuma pembeni, na kalamu hii ni yako, nimeiazima bila ruhusa. Usiucheke mwandiko. Mara ya mwisho kuandika barua ndefu nilikuwa napeleka posa, na mama yako anasema hata ile hakuielewa.

Nakuandikia kwa sababu lipo jambo ambalo nikikwambia kwa mdomo nitaanza kujitetea. Najijua. Utanitazama na hayo macho yako, nitatia utani katikati, tutacheka, litapita. Kwa njia hiyo limeshapita miaka kumi. Kesho unakwenda Tanga kufanya kazi kwenye duka la mtoto wa ndugu yake Mzee Nasoro, kunoa mikasi na kufunga mipini ya nyembe za vinyozi. Utalala kwao, utakula kwao. Wamekupokea bila kukujua, kwa neno moja tu la Mzee Nasoro, kwamba anamjua baba yako na anaijua kazi ya mkono wake. Jambo lenyewe linahusu neno hilo. Nivumilie kidogo, nitalifikia. Acha nianzie kwenye kopo, maana huko ndiko nisikoona haya.

Chini ya kanga alizokupa mama yako nimekuwekea lile kopo la biskuti. Nimelipanga mwenyewe, kwa hiyo usilimwage mezani mbele ya watu ukaniaibisha. Nyundo ni ile ndogo ya sonara yenye uso wa mviringo, uliyokuwa unaiiba kuvunjia korosho. Ndiyo, nilikuwa najua. Nimeisugua kwa msasa mpaka inang'aa, maana uso wa nyundo ukiwa na alama, kila alama utaikuta kwenye kichwa cha pini inayoshikanisha wembe na mpini. Tupa zipo mbili, ya kusagia kichwa cha pini kuukuu na ya kumalizia. Tafadhali sana, pini kuukuu isage kichwa kwa tupa kisha uisukume itoke, usije ukaing'oa kwa bisibisi kama nilivyomwona fundi mmoja kule Temeke, mtu mzima na ndevu zake. Na kabla ya yote, ufunge wembe kitambaa. Hili nalisema kila siku na kila siku unanijibu "najua baba" huku hujaufunga.

Kile kipande cha reli ninachogongea nimeshindwa kukitia, mama yako kasema begi litachanika. Huko tafuta chuma chochote kizito kilicho bapa. Keekee ni yangu ya kuzungusha kwa mkono, na najua utasema Tanga wana ya umeme. Waache nayo. Ya umeme kwenye mpini wa wembe ina haraka kuliko akili ya mtu. Mpingo ukipata moto ndani ya tundu unapasuka wewe ukiwa bado unajisifu. Toboa taratibu, tundu lipitishe waya bila kulazimisha na bila kucheza. Mipini minne nimekuchongea mwenyewe, kwa mpingo uliokaa darini miaka na miaka. Usinunue mbichi hata ukiuziwa na Mmakonde mwenzako, hata akikusalimia kwa kilugha.

Waya nimekuwekea wa brasi tupu, ile shaba ya njano, mwembamba kidogo kuliko njiti ya kiberiti. Sasa hapo nisikilize. Watakuja watu wakwambie, "Sista, weka chuma bwana, kidumu." Wengi watasema hivyo, kwa sababu mtu akisikia pini anafikiria nguvu. Brasi unaikata, unaacha imechungulia kidogo kila upande, unavalisha washa, kile kiduara cha bati chenye tundu, unagonga kidogo, unageuza, unagonga kidogo, na kichwa kinatanuka chenyewe bila ugomvi. Chuma hakitaki hivyo. Chuma kinataka upige kwa hasira, na hasira yote inaingia kwenye mpini. Tena vinyozi wanashinda na maji na povu, chuma kikishika kutu mle ndani hata kukitoa ni kazi.

Hayo yote unayajua, umeyajua tangu uko darasa la sita. Nayarudia kwa sababu na mie nilikuwa nayajua.

Haya, sasa nisikimbie tena.

Ulikuwa darasa la nne. Vinyago vilikuwa vimeacha kununuliwa, nikawa ndiyo kwanza nimehamia kwenye nyembe, na Mzee Nasoro ndiye kinyozi wa kwanza hapa Mwananyamala aliyeniamini. Wakati vijana wote wanatumia kile kishikio cha kubadilisha kiwembe, yeye alikuwa na wembe wa kukunja alioachiwa na marehemu baba yake, ambaye naye alikuwa kinyozi. Chuma chake kizuri, ukikigonga kwa kucha kinaimba. Ila mpini wa pembe ulikuwa umeliwa na wadudu, umebaki kama biskuti. Akaniletea siku mbili kabla ya Idi. Akaniambia, "Baba Tekla, huu ndio mkono wangu. Nifungie mpini wa mpingo, nataka nimalizie nao ndevu za watu wa Idi."

Mpini nikauchonga vizuri mno. Nakwambia kweli, sijachonga mpini mwingine kama ule. Nilipofika kwenye pini, brasi imekwisha. Ya kununua ipo, lakini mpaka Kariakoo, na mie nilishaona uvivu, halafu nilishajiona fundi. Pembeni kuna baiskeli mbovu ya mjomba wako. Nikakata spoki. Nikajiambia, spoki inabeba mtu na gunia la mkaa, itashindwa kubeba wembe?

Spoki ikakataa kutanuka. Nikaongeza nyundo. Ikakataa. Nikaongeza tena, na nikasikia "ta," kasauti kadogo tu. Ufa ulikuwa mwembamba, umetoka kwenye tundu la pini umefuata mbao hadi karibu na kati. Mtu mwingine yeyote angeutupa mpini ule aanze upya, kwa sababu asingekuwa na la kufanya. Tatizo mie nililijua la kufanya. Sie wachonga vinyago, kinyago kikipasuka mwishoni hatukitupi. Tunachukua unga wa mpingo uliobaki chini, tunauchanganya na gundi, tunajaza ufa, tunapiga msasa, tunapaka rangi nyeusi ya viatu, na hata aliyekichonga akirudi kesho hauoni. Baba yangu alinifundisha, na baba yake alimfundisha. Sijawahi kuona aibu kwa hilo, maana kinyago kazi yake ni kukaa juu ya kabati na kutazamwa.

Nikaujaza ule ufa. Nikapaka rangi. Mzee Nasoro alipokuja akaugeuza juani, akaufungua, akaufunga, akacheka mpaka meno ya nyuma. "Wallahi, huu mkono wa Mmakonde!" Na mie nikacheka. Tekla, nilicheka naye.

Mpini ule ulimaliza Idi, ukamaliza na wiki tatu zingine. Gundi ikaanza kunywa maji. Siku hiyo alikuwa na mteja kitini, amempaka povu tayari, anaukunjua wembe aupitishe kwenye mkanda wa kunolea. Mpini ukaachana katikati, wembe ukazunguka ukamwangukia chini ya kidole gumba. Ukakata mpaka mshipa ule wa kukunjia kidole. Nasema alhamdulillahi kama yeye, ingawa mie Mkristo, kwamba haukuwa bado shingoni kwa yule mteja. Hapo nikifika akilini huwa nasimama natembea.

Nikaitwa. Nikamkuta amefungwa taulo, limelowa damu, wanamtafutia usafiri wa hospitali, na vipande viwili vya mpini viko chini. Niliuona unga wangu umebanduka kwenye ufa kama ukoko wa sufuria. Unajua neno la kwanza nililosema? Sikusema pole. Nilisema, "Mzee, huu wembe uliuangusha?"

Akanitazama, damu inamtoka. Akafikiria kweli, kama mtu aliyeulizwa swali la maana. Akasema, "Labda. Siku hizi mikono yangu siiamini sana. Nisamehe bwana, nimekuharibia kazi yako."

Aliniomba msamaha yeye.

Ningesema pale pale, mbele ya watu wote, lingekuwa kosa la fundi na lingekwisha kama makosa mengine ya mafundi. Sikusema siku ile, wala alipotoka kushonwa, wala alipoondolewa bandeji. Kila siku iliyopita ililifanya jambo kuwa gumu zaidi, mpaka likawa la kuonea haya kuliko lilivyokuwa lenyewe. Nikawa nampelekea samaki wa Kunduchi, namnolea mikasi bure. Watu wakaniona rafiki mwema, na yeye akaniona rafiki mwema. Tangu hapo hajawahi kumnyoa mtu kwa wembe. Mashine na mkasi tu, na mashine anashika kwa mkono wa kushoto. Wewe umekua ukimwona hivyo, ukadhani ndivyo alivyo.

Sasa nikukumbushe la kwako, maana hulijui upande wake wa pili. Mwaka juzi, yule kinyozi kijana wa Kinondoni, mwenye ule mpini wa pembe. Uliupiga pini ukapasuka. Mie nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuchukua kopo la gundi. Kabla sijalifikia, ukasimama, ukamwambia usoni, "Kaka, nimekupasulia mpini wako. Nisamehe. Nitakutengenezea mwingine, uje keshokutwa." Basi. Yule kijana akasonya kidogo, akasema poa, akaondoka. Keshokutwa akaja.

Na mie nikakufokea. Unakumbuka? Nilikufokea kwamba unaharibu jina la benchi, kwamba mteja haambiwi kila kitu, mpaka mama yako akatoka ndani na mwiko mkononi. Ulilia ukaenda kulala bila kula. Mwanangu, sikuwa nimekasirikia ule mpini. Nilikukasirikia wewe kwa kuwa ulifanya kwa muda wa kumeza mate jambo lililonishinda miaka yote hiyo, tena ulilifanya kirahisi tu, kama unayechota maji. Nilikuonea wivu mtoto wangu mwenyewe. Naomba radhi kwa siku ile. Nilipaswa kukukumbatia na badala yake nikakulaza na njaa.

Tangu siku ile nimekuwa nakutazama ukifanya kazi. Husemi sana, unaweka sikio karibu na nyundo kama unaongea na pini. Ukimaliza unaufungua wembe kwa kidole kimoja uone kama una uzito kidogo, unaufunga uone kama umelala katikati bila kugusa mpini upande wowote. Ukigusa, unaanza upya, hata jua likizama. Nakupenda sana, Tekla. Sijui kwa nini maneno haya watu wa kwetu yanatukaba. Nakupenda, na najivuna nawe mpaka wateja wamenichoka.

Kwa hiyo wiki iliyopita Mzee Nasoro alipokuja hapa barazani kutuambia amekuombea nafasi Tanga, na akasema mbele yako, "Nimewaambia baba yake hajawahi kunitia hasara," wewe ulipiga vigelegele na mie nikaingia ndani. Ulidhani nimelia kwa furaha, ukaja kunitania. Nilikuwa nimelia, hilo kweli. Lakini nilikuwa nakuona unaondoka na jina lililojazwa unga na rangi ya viatu, na wewe hujui, na siku moja likiachana litakuangukia wewe.

Leo asubuhi, ulipokwenda kuaga kwa shangazi yako, nimekwenda kwa Mzee Nasoro. Alikuwa anamnyoa mzee mmoja. Nikangoja mpaka akamaliza. Nikamwambia yote, spoki, ufa, unga, rangi, na lile swali langu. Nilijitahidi nisiweke "lakini" hata moja, na nadhani iliponyoka moja tu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alichukua kitambaa akapangusa mashine, akapangusa tena. Halafu akasema taratibu, "Baba Tekla, kidole hiki kilipona. Daktari aliniambia nishike wembe, nitazoea. Mie ndiye niliyekataa. Nilikuwa nauogopa mkono wangu. Miaka kumi nimekuwa najiambia nimezeeka, nitakuja kumchinja mtu, na kumbe mkono wangu haukuwa na kosa."

Nilidhani nimemkata kidole tu.

Akaniuliza, "Binti anajua?" Nikasema hajui. Akasema, "Mwambie. Akishajua, aje kwangu kesho kabla ya safari, anitazame. Siwezi kumpeleka mtoto kwa ndugu zangu na neno hili limekaa katikati yetu, mie nalijua na yeye halijui. Nikishamwona nitajua niwapigie nini Tanga." Nikamuuliza kama amenisamehe. Akasema, "Wewe niachie kwanza." Akamwita mteja mwingine aliyekuwa mlangoni nyuma yangu, nikaondoka.

Ndiyo hivyo, mama. Sijui atakwambia nini. Yawezekana safari ikafia pale pale kwenye kiti chake, na ikifia, umejifunza kazi kwa mikono yako halafu nafasi yako nimeivunja mie. Nimeliona hilo kabla sijakwenda kwake, na nikaenda. Ningeweza kungoja upande basi, ufike, uzoeleke, halafu ndiyo niende kuungama. Nililiwaza usiku kucha, na nikatambua kwamba ni kile kile, naujaza ufa tena.

Ukienda kwake, mwamkie vizuri, kaa, msikilize. Usinitetee. Nakujua, utaanza, "Baba alikuwa na shida wakati ule, vinyago vilikuwa haviuziki." Usiseme. Nilikuwa na spoki na uvivu, hayo ndiyo nilikuwa nayo. Wala usimlipie deni langu kwa kumwomba na kumlilia. Akikuuliza jambo la kazi, jibu la kazi. Akinyamaza, nawe nyamaza. Akisema usiende, mwambie asante mzee, utoke na kichwa chako juu, maana wewe hukumkosea mtu.

Barua hii nitaiweka juu ya begi ili uikute ukitoka kusukwa. Mie nitakwenda kutembea kidogo. Sitaweza kukaa hapa nikutazame unasoma, naomba na hilo unihurumie. Kesho alfajiri usiningoje. Duka lake anafungua mapema, pita peke yako. Begi lako nitalibeba mie na mama yako, tutakuwa stendi, mbele ya basi.

Ukija na ruhusa ya kwenda, nitakupandisha. Ukija bila ruhusa, nitaligeuza begi begani turudi nyumbani, na keshokutwa nitakuachia benchi hili, mie niwe nakupigia msasa. Ukija umeninunia, njoo hivyo hivyo umenuna. Ukitaka kunifokea mbele ya abiria wote wa Tanga, nifokee.

Ila nakuomba neno moja usiniambie, maana najua ulivyo na huruma na najua litakavyokujia mdomoni ukiniona nimesimama pale. Usiniambie "haina shida, baba." Ina shida. Niambie lolote jingine.

Baba yako